Kimya cha Sekunde Thelathini na Sita

Tarver, Mississippi
3 Novemba 1997

Kaka yangu Thurman,

Nakusalimu kwanza, maana Mama alitufundisha kwamba hata mtu uliyemnunia unamsalimu kabla ya kumwambia lililo moyoni. Hujambo? Kifua kinasemaje na baridi ya huko Gary? Laverne aliniambia kwamba daktari amekupa mtungi wa pili wa hewa, na kwamba wageni wakija unauficha nyuma ya kochi. Kaka, huo ni mtungi, si hawara. Uweke hadharani mkeo apate kupumzika. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, kwa hiyo nimeacha kupanda ngazi. Mkahawa unakwenda vizuri, na kambare wa mwaka huu ni wanene kama mashemasi.

Nilipokupigia simu kukuambia kwamba Ezell Mabry amefariki, ulinijibu maneno manane. "Sawa. Usiniletee ratiba, wala picha, wala habari zake." Nimeyahesabu. Ratiba sikuletei, picha sikuletei. Habari nakuletea, na utazisoma, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza mama yetu miaka kumi na moja wakati wewe ukituma kadi kila Krismasi, na sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba usome. Nakujua, unasoma ukurasa wa kwanza na kujibu huo huo. Nilipokuandikia habari za jeneza la Mama ulinijibu kuhusu mvua, maana mvua ilikuwa ukurasa wa kwanza. Barua hii ina kurasa saba, na jambo lako liko ukurasa wa sita. Usilirukie. Nimelipanga huko makusudi, kwa sababu nahitaji kurasa tano za kujipa moyo.

Tumemzika Jumamosi. Mji wetu una watu mia tisa na arobaini, na mimi peke yangu niligawa sahani elfu moja mia mbili na sita. Magari yalipangana kutoka kanisani hadi kwenye mizani ya zamani ya pamba, maili moja na robo. Nilipima mwenyewe kwa gari langu, kwa kuwa nilijua utasema natia chumvi. Vibao vya magari vilitoka majimbo kumi na tisa. Kulikuwa na Mholanzi aliyepanda ndege mbili na basi moja, akafika na suti ya sufi katika jua lile, akakataa kuvua koti mpaka jeneza liliposhuka. Na wote hao, Thurman, walikuja kwa ajili ya mtu aliyejifunza gitaa kwenye kibaraza chetu, akikalia ndoo yetu ya nguruwe iliyopinduliwa. Ulipokuwa ukifuta machozi ya moshi wa kiwanda huko, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa na kofia yangu ya zambarau, shingo imenyooka kama mke wa rais.

Unakumbuka kwamba kanisa letu lilimfuta Ezell kitabuni mwaka hamsini na tano, kwa kupiga bluzi Jumamosi na kuimba kwaya Jumapili. Ilipojulikana kwamba ameacha wosia azikwe kutoka kanisa lile lile, mashemasi walikaa kikao cha saa tatu. Kura zikawa nne kwa tatu: mwili uingie, gitaa libaki nje. Shemasi mkuu alieleza kwamba mwili aliuumba Mungu, lakini gitaa hajui lilikotoka. Corrine, mjane wa Ezell, akamwambia kwamba lilitoka katika duka la kuagiza kwa posta na risiti anayo, kama Mungu ataihitaji.

Basi gitaa likawekwa kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe, na wahudumu wawili wenye glavu nyeupe wakalilinda kushoto na kulia. Kila aliyeingia alipita hapo kwanza. Watu walioligusa lile gitaa walikuwa wengi kuliko walioligusa jeneza. Mashemasi walidhani wamelifukuza, kumbe wamelikabidhi mlango.

Ratiba ya ibada iliandikwa kama zinavyoandikwa zote: wasifu wa marehemu usomwe kimoyomoyo, kisha kumbukumbu za wapenzi wa muziki wake, dakika mbili kwa kila mtu, tafadhali. Sasa wewe na mimi tunajua kwamba katika jimbo hili hakuna mtu aliyewahi kusema dakika mbili kanisani. Kwenye mazishi ya Mama kuna mzee aliyeanzia kwenye mafuriko ya mwaka ishirini na saba, na mpaka tunamketisha maji yalikuwa bado hayajakupwa. Mchungaji akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Dada Verlean, nahitaji mtu asiyeogopa kuchukiwa." Sikukasirika. Nilikwenda mkahawani nikachukua kengele ya kaunta, ile ninayoigonga chakula kikiwa tayari, na saa ya kuhesabia sekunde ninayotumia kwa mafuta ya samaki. Mtu aliyeanza na pipa la mafuta lililokatwa katikati, akikaanga kando ya barabara, na leo ana ukumbi wa viti mia moja na sitini, hajafika hapo kwa kuogopa kugonga kengele.

Walijiandikisha watu ishirini na watatu. Hiyo ni dakika arobaini na sita. Tulimaliza kwa hamsini na moja, na zile tano zilizozidi ni za Mholanzi, kwa sababu alilia, na mtu anayelia huwa simhesabii.

Laiti ungewasikia. Roscoe kinyozi alisimama akaeleza habari za mwaka sitini na nne, tulipopanga foleni mahakamani kujiandikisha kupiga kura na karani akafunga dirisha akaenda kula chakula cha mchana kwa saa nne. Ezell alikuwa amefika kutoka Chicago usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliketi kwenye ngazi za mahakama akapiga gitaa mpaka dirisha likafunguliwa. Roscoe akasema foleni ilianza na watu thelathini na mmoja. Hapo nikainua kidole kutoka mezani na kumalizia mwenyewe, "Na waliobaki walikuwa thelathini na mmoja," kwa kuwa mimi nilikuwa wa tisa. Kanisa zima likapiga makofi, na mimi nikamgongea kengele.

Mwalimu Delphine, yule aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, alieleza alivyochumbiwa. Mumewe alikuwa na sauti ndogo kama ya kifaranga. Alijaribu kumposa mara tatu katika kilabu cha pombe cha njia panda ya reli na mara zote tatu Delphine alimjibu, "Nini?" Mara ya nne alisubiri Ezell afike kwenye kimya cha wimbo wake wa "Reli ya Asubuhi," ndipo akasema, na kilabu kizima kikasikia. Delphine akasema hakuwa na njia ya kukataa mbele ya watu sitini. Watu walicheka mpaka vipepeo vya mkono vikasimama hewani.

Hapa inabidi nisimame nikueleze kimya hicho, kwa sababu najua hukijui. Hujawahi kuusikia wimbo huo ukapita ubeti wa pili. Redio ikiupiga unaizima. Kwenye harusi ya binti yako ulitoka nje ya ukumbi bendi ilipouanza, ukasingizia joto, mwezi wa pili, Gary. Basi mambo ni hivi. Ezell anaimba ubeti wa kwanza, anaimba wa pili, kama mlivyokuwa mkifanya kibarazani. Kisha anaondoa mkono kwenye nyuzi. Haimbi, hapigi. Unasikia mguu wake tu sakafuni, hatua kumi na mbili za bluzi, kila hatua mapigo manne, jumla mapigo arobaini na manane. Nimekipima: sekunde thelathini na sita. Halafu anarudi na ubeti wa tatu kama mtu aliyetoka chumba cha pili. Ndivyo alivyourekodi mara ya kwanza kabisa kule Memphis, na wanasema mwenye mitambo alitukana sana, akataka kukikata hicho kimya, naye Ezell akamwambia wakikikata na yeye anakwenda zake. Amefanya hivyo miaka arobaini na moja, kila jukwaa, kila mji. Watu wameandika vitabu juu ya kimya hicho. Mholanzi alisema kwamba huko kwao, mbele ya watu elfu mbili, mtu mmoja alikohoa katikati na majirani zake wakamtoa nje.

Kila aliyesimama alikuwa na tafsiri yake. Roscoe alisema Ezell alikuwa akisikiliza kama polisi wako mlangoni. Delphine alisema ni nafasi ya wapendanao. Mtu mmoja wa Jackson alisema shetani alikuwa akichukua fungu lake, na mama mmoja wa kwaya akamwambia bila kuinuka, "Keti, baba, shetani hajui kuhesabu mpaka arobaini na nane." Mholanzi alisema ni kimya cha wote waliozikwa bila majina. Wengi waliitikia amina, na mimi nusura niitikie, ingawa nilijua wamekosea wote. Niliketi pale na kengele yangu na saa yangu, nikiwa mtu pekee katika kanisa lile aliyejua ukweli, nikawagongea mmoja baada ya mwingine.

Wa mwisho alikuwa Mzee Hosea Lyle. Ana miaka themanini na minne sasa, lakini bado anavaa tai. Alianza taratibu, na kueleza alivyokuwa akiendesha trekta la shamba la Bwana Kittredge na kupita mbele ya nyumba yetu jioni. Akasema, "Ezell hakuwa peke yake pale kibarazani. Palikuwa na mwenziwe, kijana mmoja akipuliza kinanda cha mdomo, na huyo kijana..."

Nikagonga kengele.

Saa yangu ilionyesha dakika moja na sekunde arobaini. Nilimwibia mzee yule sekunde ishirini, Thurman, mbele ya madhabahu. Alinitazama. Hakubisha, kwa kuwa amelelewa vizuri. Aliketi, na kwaya ikaanza. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na saa, na yeye.

Baada ya makaburi watu walikuja ukumbini kwangu kula. Kambare, mkate wa mahindi, mboga za majani zilizopikwa na mfupa wa nguruwe, pai za viazi vitamu mia moja na kumi. Gitaa lilipoingia mlangoni kwangu hakuna aliyepiga kura. Wapigaji wa Ezell wa miaka yote walikuwepo, wa ngoma na wa besi, na gitaa Corrine alimpa Lamar Stiles. Huyu ni fundi kutoka Memphis, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye viatu vya ngozi ya mamba na vidole vyepesi kuliko vya mwizi wa kuku. Nakiri kwamba anajua. Walipiga nyimbo sita, wazee wakacheza na sahani mikononi. Kisha wakaanza "Reli ya Asubuhi."

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Watu wakaweka uma chini, maana kila mtu alijua kinachofuata. Na Lamar Stiles, katika ile nafasi, akaingia. Alimwaga nyuzi kama mtu anayemwaga mbaazi kwenye bati. Juu, chini, nyuma ya shingo. Baadhi ya wageni wakaanza kupiga makofi. Mpiga ngoma akamtazama mpiga besi. Mimi nilikuwa kaunta, kengele iko mbele yangu pale nilipoirudisha, na mkono wangu ukaigonga kabla sijaushauri.

Niligonga mara moja. Hakusikia. Nikagonga mara nne. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata jikoni.

Akauliza kwa adabu, "Bi Verlean, nimezidisha muda?"

Nikamwambia, "Hujazidisha, mwanangu. Hizo hatua kumi na mbili zina mwenyewe."

Roscoe kinyozi, ambaye hawezi kuacha mdomo upoe, akauliza ni nani mwenyewe, na kwa nini hatukuambiwa muda wote huu. Nikajibu kwamba yuko hai, na nitamwandikia yeye kwanza kabla sijamwambia mtu mwingine. Kutoka meza ya dirishani nikasikia sauti ya Mzee Hosea. "Zile sekunde ishirini zangu, Bi Verlean, unazo bado?"

Nikasema, "Ninazo, mzee. Nitakurudishia."

"Mimi nitangoja. Lakini nina miaka themanini na minne. Usitumie posta ya polepole."

Watu wakacheka, na kicheko kilipoisha mpiga ngoma akasema turudie tangu mwanzo. Wakarudia. Walipofika pale, Lamar Stiles aliondoa mkono kwenye nyuzi, akapiga mguu. Mpiga besi akapiga mguu. Kisha, kaka, wote. Viti mia moja na sitini na waliosimama ukutani na waliokuwa uani na sahani zao. Mapigo arobaini na manane. Glasi zangu zilitikisika kabatini. Nimesikia treni ya mizigo ikipita hapa kila siku tangu nizaliwe, na haijawahi kulitikisa lile kabati hivyo. La arobaini na tisa Lamar akaingia na ubeti wa tatu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye viatu vyake vya mamba.

Corrine alinifuata jikoni. Akanishika kiwiko, akasema hakuwahi kuambiwa jina. Ezell alimwambia tu kwamba ile ni zamu ya mtu ambaye yuko njiani. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Akaniachia kiwiko, akasema, "Basi mwandikie, usimalize maisha yako kama kengele." Huo ndio ukurasa wa tano, na sasa umefika kwenye jambo lako.

Mwaka hamsini na sita, mwezi wa kumi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na sita. Mlikuwa mmepatana na Ezell kwamba Jumapili mtakwenda Memphis, yeye na gitaa, wewe na kinanda chako cha mdomo. Lakini yule mwenye mitambo alibadili siku, na Ezell akaja Jumamosi, alfajiri, na gari la kuazima ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Wewe ulikuwa umekwenda na gari la nyumbu kupeleka pamba kiwandani. Alinikuta nikichota maji. Akauliza, "Thurman yuko wapi? Tunaondoka sasa hivi."

Ungekuwa nyumbani baada ya saa moja. Nilijua hivyo. Ningesema tu, ngoja.

Nikapiga hesabu pale pale, ndoo mkononi. Ekari kumi na nane. Tulikuwa tumechuma saba. Mama alikuwa hawezi kuinama tena. Mimi nilichuma ratili mia na hamsini kwa siku, wewe mia mbili na themanini. Pamoja nawe tungemaliza kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Bila wewe, pamba ingeozea shambani, na Bwana Kittredge alikuwa ameshatoa familia mbili ndani ya nyumba zao mwaka ule kwa sababu hiyo hiyo. Nilipiga hesabu mara mbili. Hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Nikamwambia Ezell kwamba umesema atangulie, utamfuata nyuma pamba ikiisha.

Akacheka. Akasema sawa, mwambie zamu yake nitamwekea. Akaondoka.

Uliporudi, ukaona alama za magurudumu uani, ukaniuliza. Ningeweza kusema nusu ya uongo, lakini niliogopa kwamba utamfuata kwa miguu. Kwa hiyo nikakuambia kwamba Ezell amepita na amesema hawezi kumsubiri mtu anayepuliza mdomo kama mtoto, kwamba Memphis wanataka wanaume wa kupiga vyombo. Hayo maneno, kaka, hakuyasema. Niliyatunga mimi, pale kisimani, na niliyachagua kwa sababu nilikujua na nilijua wapi patauma. Uliweka kinanda kwenye droo ya kabati la Mama, na sikukusikia ukikipuliza tena. Miaka miwili baadaye ukaenda Gary hata hivyo, kuyeyusha chuma, na mimi nikabaki na Mama. Nimekulaumu kwa hilo miaka thelathini na tisa. Nimekulaumu kwa nguvu, kwa kuwa nilipokuwa nikikulaumu wewe sikuwa na nafasi ya kufikiri mengine.

Na si mara moja nilidanganya. Mwaka sabini na nne Ezell aliingia mkahawani, ukiwa bado na meza sita, akaagiza kambare na kuniita mdogo wangu kama zamani. Akauliza, "Thurman bado yuko njiani?" Alitabasamu, lakini alikuwa anauliza kweli. Ndipo nikaelewa kile kimya. Nilikuwa nimekisikia miaka yote redioni na nilikuwa nikikishuku, nikijiambia ni mtindo wa msanii. Alikuwa akikuwekea zamu yako. Kila mji, kila usiku, hatua kumi na mbili, kwa sababu nilimwambia kwamba umeahidi kuja. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba hukuahidi, kwamba hukujua, kwamba umelala Gary na maneno yake ambayo hakuyasema. Nikamwambia uko bize na kazi. Akasema, "Hakuna haraka. Nafasi yake ipo." Akamaliza samaki wake, akanisifu upishi, akaenda.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Sikuombi unisamehe kwa barua hii, kwa kuwa msamaha wa kuombwa kwa posta hauna uzito. Mambo mawili tu nataka uyajue. La kwanza, kwamba Ezell Mabry hakukudharau hata siku moja. Aliimba mbele ya wafalme na mbele ya foleni ya mahakama, na kila mahali alikaa kimya sekunde thelathini na sita kwa heshima yako. La pili ni kwamba watu wamekuja kutoka majimbo kumi na tisa na kuvuka bahari kukisifu kile kimya kuliko nyuzi zake zote, na kile kimya ni chako. Mimi nilikaa kanisani na aibu yangu, na bado, Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilitaka kupanda juu ya benchi niseme, huyo ni kaka yangu mnayemsikiliza.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kanda ya "Reli ya Asubuhi" na kinanda chako cha mdomo. Kimekaa kwenye droo ya Mama, kisha yangu. Nimekifuta kila Krismasi, siku ambayo kadi yako hufika. Mwezi wa tano, Jumapili ya pili, mji utaweka kibao cha ukumbusho mbele ya kilabu cha zamani, na bendi itapiga. Mpiga ngoma ameniahidi kwamba ile nafasi haitaguswa na mtu. Kuna chumba chini nyumbani kwangu, hakina ngazi, na kina nafasi ya kutosha mitungi miwili. Ukija kunigombeza, njoo mapema tugombane kabla ya wageni. Usipokuja, Mzee Hosea atapewa sekunde zake ishirini naye atalitaja jina lako kwenye kipaza sauti, maana hilo deni nitalilipa kwa vyovyote.

Nisalimie Laverne, mwambie asante kwa kukutunza na kwamba dawa ya kikohozi ya Mama nitaituma nikipata mizizi. Wasalimie watoto wote wanne na wajukuu saba, au kama ameshazaliwa yule wa Denise, wanane. Hapa wanakusalimu Delphine, Roscoe na Corrine, ingawa wawili wa kwanza hawajui bado kwa nini nakuandikia.

Ukimaliza kusoma, mwambie Laverne ausogeze mtungi karibu na redio. Weka kanda. Ubeti wa pili ukiisha usitoke chumbani. Mguu utaanza. Najua pumzi si ile ya kibarazani. Kama inatosha hatua moja, piga moja. Zile kumi na moja zilizobaki yeye atakuhesabia, kama alivyokuhesabia siku zote.

Mimi mdogo wako,

Verlean